Mgeni Rasmi wa Wapenda Katuni

Mtu akiniambia anaandaa shughuli na bado anatafuta mgeni rasmi, namshika mkono namwambia achana naye, anza tu. Huwa hanielewi. Anadhani nina kinyongo na wakubwa. Sina kinyongo na mkubwa yeyote. Nina kinyongo na siku moja tu ya Jumamosi pale Makole, na bado haijanitoka.

Ilikuwa miaka ile deki zimeanza kuuzwa kila duka, na kila mwenye banda la mabati Chang'ombe kaandika ukutani kwa chaki filamu za leo. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nashona barazani pamoja na mafundi wengine, na kazi yangu ya pili ilikuwa kuota. Mama alisema nikitumwa maji narudi na ndoo nusu na hadithi nzima. Asubuhi, kabla wateja wa filamu za ngumi hawajaamka, banda la jirani lilikuwa linaweka katuni za Kijapani kwa ajili ya watoto. Siku moja niliingia kumtafuta mdogo wangu aje anywe uji. Uji ukapoa, sisi wote wawili tuko ndani.

Hazikuwa katuni za kufukuzana na kugongana vichwa. Watu wake walikuwa wanafiwa. Walikuwa wanakosana na marafiki zao, wanapika wali, wanakaa kimya wakiangalia mvua. Mtu ana nywele za bluu na macho kama visahani, lakini akilia unamjua, umewahi kulia hivyo. Nilitoka pale nikaanza kuwaambia watu. Haukupita muda tukawa kundi: wanafunzi, wauza karanga, wasusi, mimi na cherehani yangu. Tukajiita Wapenda Katuni, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa napita kuwakusanya, kundi likawa langu.

Aliyetufanya tuwe kundi kweli lakini alikuwa kijana mmoja wa sekondari, mtoto wa mtumishi wa wizara, tuliyemwita Mkalimani. Baba yake akienda Dar kikazi alirudi na diski. Maneno ya Kiingereza yalikuwa yanapita chini ya picha, mbio mbio, na Mkalimani anasimama kando ya televisheni anatugeuzia. Hakupiga kelele wala kuongeza vichekesho vyake kama wale wanaotafsiri filamu kwenye mabanda. Bibi aliongea kibibi, mtoto kitoto. Ukishamzoea unamsahau, unadhani Wajapani wenyewe wanasema Kiswahili.

Hadithi yetu kubwa tuliiita Kengele. Jina lake la kweli hatukulijua, maana juu ya kasha kulikuwa na maandishi ambayo hata Mkalimani hakuweza kuyasoma. Ilimhusu msichana fundi wa kengele, ambaye kaka yake alimezwa na kengele kubwa ya mlimani. Msichana anazunguka vijijini na mbweha wake, anatafuta vipande vya kutengenezea kengele nyingine itakayoweza kuiita ile ya kwanza ifunguke. Swali letu lilikuwa hilo tu: kaka atatoka? Tulilijadili barazani, kisimani, mpaka kanisani watu wanaulizana kwa kunong'ona. Diski ya mwisho ikawa haiji.

Ilipokuja, ilikuja na habari mbaya. Baba yake Mkalimani amepata uhamisho, wanaondoka Jumapili. Diski yenyewe ni ya binamu yake wa Dar, lazima irudi. Na hata kama ingebaki, nani angetusomea? Mimi Kiingereza changu kiliishia kwenye kuhesabu. Kwa hiyo ilikuwa Jumamosi ile au basi tena, na mimi nilikuwa nimeshawaahidi watu wote kwamba mwisho wa Kengele tutauona pamoja.

Banda lilikuwa dogo, nikaenda kuomba ukumbi wa kanisa pale Makole. Mama mwangalizi wa ukumbi alinisikiliza huku anafagia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Shughuli ya nini?"

"Tunaangalia katuni, mama. Na watoto watavaa kama watu wa kwenye katuni."

"Mgeni rasmi nani?"

"Hatuna, mama."

"Shughuli isiyo na mgeni rasmi ni fujo. Bunge likiwa mjini watu wananiomba ukumbi huu kwa barua, na mgeni rasmi wao wanamtaja kwanza. Nenda kajipange."

Nikarudi kwa Mwenyekiti wetu, kinyozi, kijana anayependa vikao kuliko chakula. Nilitegemea akasirike pamoja nami. Akafurahi!

"Si nilisema? Hii ni hafla, dada. Hafla ina meza kuu."

"Hafla ya nini? Tunaangalia katuni."

"Ona sasa. Ndiyo maana mtaani hawatuheshimu. Wewe mwenyewe unasema 'tunaangalia katuni' kama mtu anayekiri wizi."

Mkalimani alikuwa amekaa ananyolewa. "Mimi nasema kitu kimoja tu," akasema. "Wiki hii mgao wa umeme upande ule wanakata saa kumi na moja jioni. Tuanze saa nane."

"Saa nane kamili," Mwenyekiti akamjibu. "Mgeni ni mteja wangu. Nampata."

Mgeni huyo alikuwa mzee mstaafu, aliyekuwa na cheo zamani serikalini, anaishi peke yake karibu na Makole. Tulipokwenda kumwalika alitukaribisha kwa "Mbukwa!" kubwa, salamu ya wenyeji, akavaa miwani, akaomba tumweleze katuni ni nini. Nilimweleza Kengele nzima. Alisikiliza kama mtoto. Mwisho akauliza, "Risala mmeshaandika?" Hatukuwa tumeandika. Ikabidi tuandike.

Wiki ile sikulala vizuri kwa furaha. Nilishona gauni la fundi wa kengele kutoka kwenye pazia la kijani, nikatengeneza mikia ya mbweha kwa masalia ya manyoya ya koti, nywele za bluu kwa rasta. Jumamosi watoto waliandamana kutoka Chang'ombe na vumbi lote lile, mikia inaburuzika. Mama mmoja wa mboga akauliza, "Nyie, leo ngoma gani?" Kijana wa karanga akamjibu, "Ngoma ya Japani, mama, njoo!" Nilicheka mpaka nikashika tumbo.

Saa nane ukumbi umejaa. Televisheni iko mezani, deki iko chini yake, Mkalimani kasimama mahali pake. Meza kuu ina kitambaa cheupe, maji ya chupa, na kiti kitupu.

"Dada, tuanze," watoto wakasema.

"Huwezi kuanza mgeni hajafika," Mwenyekiti akasema.

"Atatukuta njiani kwenye hadithi. Nitamsimulia," nikasema.

"Umkaribishe mzee wa watu kwenye giza la picha? Aingie anapapasa viti? Hapana, dada."

Mama mwangalizi alikuwa amekaa mlangoni na funguo mapajani. Alitikisa kichwa kuunga mkono. Tukasubiri. Tukaimba. Tukapanga watoto wapite mbele na nguo zao, wakapita, wakapita tena. Nilikuwa natoka nje kila mara kuangalia barabara, narudi natabasamu, maana mtu anayeongoza akionyesha hasira watoto wanaanza kulia. Mkalimani aliacha kuniangalia. Aliangalia taa ya dari.

Mzee alifika jua limeshainama. Na hapo ndipo niliponyang'anywa hata haki ya kukasirika, kwa sababu alikuwa ametoka msibani Chamwino. Alikwenda alfajiri akidhani atawahi, gari la kurudi likaharibika, akatembea kipande kirefu. Suti yake nyeusi ilikuwa nyekundu kwa vumbi mpaka magotini. Alikuwa hajala. Angeweza kwenda nyumbani kulala, akaja kwetu.

"Wanangu, nisameheni sana."

"Karibu mzee, wala hujachelewa," tukasema wote. Uongo wa heshima, na ulitutoka kwa pamoja kama wimbo.

Nikamvuta Mwenyekiti pembeni. "Ruka utambulisho. Ruka risala. Washa."

"Katoka msibani kwa ajili yetu, halafu tusimsomee risala? Una moyo wewe?"

Ninao, na ndio ulioniponza. Nikamwangalia mzee anavyofuta miwani kwa leso, nikarudi kukaa. Utambulisho ukafanyika. Risala ikasomwa, yote. Mzee akasimama kujibu. Alianza na siku mji huu ulipotangazwa kuwa makao makuu, wakati wao vijana wanalala kwenye mahema na kunywa maji ya chumvi. Akaja kwenye malezi. Akaja kwenye vijana na teknolojia. Yalikuwa maneno mazuri. Siku nyingine yoyote ningeyapigia makofi mpaka mikono iume.

Akamaliza. Nikaruka kuelekea kwenye deki. Mwenyekiti akanizuia kwa mkono.

"Bado utepe."

Alikuwa amefunga utepe mwekundu kuzunguka televisheni, na fundo kubwa katikati ya kioo. Mkasi hakuna. Kamati nzima, vikao vyote vile, hakuna aliyekumbuka mkasi. Wakakimbia huku na huku. Hatimaye nikatoa wangu wa kazi mkobani, ule mzito wa kukatia vitambaa, mzee akakata, makofi, vigelegele. Mkalimani akabonyeza. Kioo kikawaka. Tukaona mlima, tukaona mbweha anageuza kichwa, muziki ukaanza.

Umeme ukakatika.

Sijawahi kusikia ukumbi mzima ukitoa sauti moja namna ile. Jenereta la parokia lilikuwa limekodishwa harusini. Mwenyekiti alibaki ameshika kipande cha utepe. Kijana wa karanga akapaza sauti, "Mkalimani, wewe umeshaiona nyumbani! Tusimulie!"

"Simulia!" nusu ya ukumbi.

"Usithubutu!" nusu nyingine. Binti mmoja mwenye mkia wa mbweha akaziba masikio kabisa, machozi yanamtoka.

Mkalimani akasema taratibu, "Wakikubali wote, nasimulia. Asipotaka hata mmoja, siwezi." Akaniangalia. Nikatikisa kichwa. Niliahidi tutaona, sikuahidi tutasimuliwa.

Watu wakaanza kutoka wananung'unika. Mzee bado yuko meza kuu, anatuangalia mmoja mmoja. Akamwita Mkalimani.

"Mjukuu, huyu binti alinieleza mwanzo. Sasa yule kaka ilikuwaje?"

Mzee akikuuliza utamjibu nini? Mkalimani akainama akamnong'oneza sikioni, muda mrefu. Nilikuwa nakunja kitambaa cha meza hatua mbili kutoka pale, na sikusikia kitu. Niliona tu mzee akivua miwani. Kwa hiyo katika ukumbi wote ule, ukimtoa Mkalimani, aliyejua mwisho wa Kengele ni yule ambaye hakuwahi kuona hata mwanzo wake.

Jumapili Mkalimani akaondoka. Kundi liliendelea kidogo kwa kusuasua, halafu wengine wakaolewa, wengine wakaenda kutafuta maisha, banda likawa duka la simu. Mzee nilikuwa nakutana naye sokoni.

"Binti, nikwambie?"

"Usiniambie, mzee. Nitaiona mwenyewe."

Nilimjibu hivyo kwa miaka. Nimetafuta kila muuza diski, lakini unaulizaje kitu usichokijua jina? Wananiletea za ngumi. Mwishowe, siku moja nimeshika nyanya zangu, nimechoka, nikamwambia, "Haya mzee, niambie."

Akasimama. Akafikiri. "Alitoka," akasema.

"Alitokaje? Kengele ilifungukaje? Mbweha je?"

Akakuna kidevu, akacheka kwa aibu. "Hapo sasa mwanangu, pamenipotea. Ila alitoka. Kijana aliponiambia, nilitokwa na machozi."

Nikamshukuru, nikambebea kikapu chake mpaka njia panda. Hasira nayo niliitafuta, nikaikosa. Alitoka. Ndilo neno nililopewa, na halinitoshi. Nilitaka kuiona ile kengele ikipasuka, Mkalimani akibadilisha sauti, na watoto wakirukaruka juu ya mabenchi na mikia yao mpaka mama wa ukumbi aje kutufokea.