Siku Niliyovutwa na Mtumbwi wa Vyungu

Jamani, mimi nimevutwa kwa kamba na mama mkwe mbele ya soko zima la Matema, na tangu miaka ile ya sabini hadi leo nikikumbuka najifunika uso hata nikiwa peke yangu.

Nilikuwa fundi wa malori pale Uyole, kijana, kichwa kimejaa sifa, na nilimpenda Atupele, binti wa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kule Ziwa Nyasa, nikaenda kwao kuposa. Baba yake, kabla ya kunijibu, akanionyesha injini ya boti yake inayosumbua. Nikafungua skrubu ya chini kwenye mguu wa injini, mafuta ya gia yakatoka meupe kama chai ya maziwa. "Maji yanaingia humu," nikasema kwa sauti ya kidaktari (na hapo nilikuwa sahihi, nipeni haki yangu). Ila yanaingilia wapi? Mzee akasema kwa upole, "Mwanangu, huku huwa tunajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, tunauzamisha huo mguu majini, tunatazama mapovu yanatokea wapi."

Nikacheka. "Mzee, mimi nafungua gia boksi za malori ya Zambia!" Nikatia mafuta mapya, nikakaza skrubu, na washa zake, vile vipete vyembamba vya kuziba skrubu maji yasipite, nikazitupa kwa kuwa zimechakaa, nikiona takataka tu.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko. Mama yake Atupele alishatangulia na mtumbwi wa vyungu, nasi, mimi na mzee kwenye boti, tukampita kwa kasi, mimi nimeshika injini nimevimba kichwa, mawimbi yakamlowesha yeye na vyungu vyake, nami nikampungia mkono (mkono, jamani, mama mkwe!). Hatukufika mbali nikaona maji nyuma yetu yana rangirangi za mafuta, mara chini kukaanza kusaga kama mtu anatafuna kokoto, panga boi likakwama, kimya. Mzee akatazama milima. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mama akatufikia polepole, akaturushia kamba bila kugeuka, akaanza kusema na vyungu: "Nyie wanangu, si huwa nawajaza maji kwanza nione panapovuja? Hata chungu cha maharage kinapimwa!" Nikaifunga ile kamba kwenye boti, akatuvuta kwa kasia hadi Matema.

Ufukweni watu wamejaa, wanawake wanapiga vigelegele, mmoja akauliza, "Mama, na hicho kirefu cha nyuma unauza bei gani?"

Nilijua nimemkosa Atupele, na iliniuma sana. Jioni nikafunga mzigo wangu, nikamuaga. Akacheka mpaka akakaa chini. "Hujui mila zetu? Mama hasemi na mkwe wake uso kwa uso. Angekuwa amekukataa, angekutukana wewe moja kwa moja, asingesema na vyungu."

Nikafungua mzigo, nikaenda kuazima pampu ya baiskeli. Mapovu yakatoka palepale kwenye skrubu, zilipokuwa zile washa nilizotupa.

Tangu siku hiyo sifungi kitu bila kukipima, hata birika. Na mama mkwe hadi leo hajaniambia neno, ila vyungu vyake vinazijua habari zangu zote.