Sinema Iliisha Kabla Sijakamatwa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine Mungu aliwapa miguu ya kutembelea, mimi akanipa ya kuning'iniza kitandani. Siku hizo za wazungu, vijana wa rika langu walikuwa wakishinda stesheni ya Eldoret kutazama makaburu wakishusha ngano yao. Mimi nikitoka kazi kwenye kiwanda cha kusaga magome ya miwati, ile miti ya dawa ya ngozi, nilienda moja kwa moja chumbani kwangu lokesheni, mtaa wetu sisi Waafrika, nikawasha jiko, nikavua viatu, na dunia ikae huko nje na baridi yake. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha pili, na niliona elimu hiyo inatosha kumpa mtu ruhusa ya kukaa.

Kwa hivyo usiniulize niliingiaje kwenye sinema ya ngumi na mbio. Niliponzwa na koti.

Kulikuwa na Mhindi mpiga picha, mwenye duka karibu na soko. Alipata kamera ya sinema, ile ya kuzungushwa ufunguo kama saa ya mezani, akaapa kwamba mji wetu nao utakuwa na sinema yake. Hadithi aliitunga mwenyewe. Askari mmoja mbaya anatisha watu, anakula hongo na kunyang'anya wajane mali, na mwishoni anakamatwa na askari mwema mbele ya kila mtu. Waigizaji hakuwa na cha kuwalipa, isipokuwa chai na mkate. Gari la polisi lilikuwa baiskeli yake. Na sare ya polisi ilikuwa moja tu, koti kuukuu la mlinzi wa duka, mzee mmoja mrefu kama mlingoti ambaye zamani alikuwa askari kweli.

Vijana wa lokesheni wote walilijaribu koti lile. Wenye vifua lilikataa kufunga vifungo, wafupi liliwameza. Mimi nilikuwa nimepita tu kuchukua picha yangu, niliyopigwa nikiwa nimekaa.

"Wewe, simama hapo," Mhindi akaniambia.

Koti likanikaa kana kwamba mimi na lenyewe tulizaliwa siku moja.

"Lakini mimi si mtu mkali," nikasema.

"Sauti hapana iko kwa sinema hii. Wewe kunja uso tu."

Basi nikakunja. Mjane wa kunyang'anywa alikuwa jirani yangu, mama aliyeuza uji langoni mwa lokesheni, na kuku wa kunyang'anywa alikuwa wake mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa nimsukume, nimtwae kuku, nikimbie. Nilimsukuma polepole, kama mtu anayefungua mlango wa kanisa ibada ikiwa imeshaanza. Mama akajiangusha mwenyewe, akagaagaa mavumbini, akalia machozi hasa, mpaka Mhindi naye akajipangusa jicho. Baadaye nilimuuliza machozi yale aliyatoa wapi.

"Si ulimkanyaga kuku wangu mguu, shetani wewe!"

Halafu zikaja mbio. Sasa, huku kwetu ni nchi ya watu wa mbio. Mtoto mdogo hukimbia shuleni asubuhi, akarudi mchana akikimbia, na pumzi yake imetulia kama ya mtu aliyekuwa akisoma Biblia. Mimi nilikimbia kutoka kibanda cha uji kuelekea daraja la mto Sosiani na ikabidi tupumzike njiani mara kadhaa. Waliotazama waliniambia kwamba askari yule anaingia kichakani akiwa mkavu na kutokea upande wa pili amelowa chapachapa, kana kwamba ndani ya kichaka kuna mvua.

Ikafika siku ya kukamatwa kwangu. Mlinzi wa duka ndiye angekuwa askari mwema, wa nguo za kiraia, na kwa siku hiyo alikuwa amenyoa ndevu. Mhindi akafungua kamera, akachungulia ndani, akaifunga taratibu kama mtu anayefunika maiti.

"Filamu imekwisha. Ingine natoka Nairobi."

"Lini?"

"Karibu tu."

Tukanywa chai, tukaenda zetu. Mlinzi alinung'unika kuhusu ndevu zake.

Wakati huohuo, na hapa ndipo penye mambo, nilikuwa nachumbia. Msichana alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya misheni upande wa Chepsaita. Baba yake alikuwa nyapara wa ng'ombe kwenye shamba la mzungu huko, mtu wa kanisa, asiyecheka ovyo. Siku ya watu wangu kwenda kuomba ilikuwa imeshapangwa. Wazee wa kwetu waliniagiza nikae kimya na nionekane mtu wa amani, kitu ambacho naweza kukifanya hata nikiwa nimelala.

Lakini Mhindi alishindwa kusubiri. Alipakia sinema yake isiyo na mwisho kwenye lori, na jenereta, na shuka jeupe, akaanza kuzunguka mashambani kuwaonyesha wafanyakazi. Jumamosi moja akafika Chepsaita. Mimi sikuwepo. Nilikuwa wapi, wewe unajua.

Juma lililofuata mwalimu wangu alikuja mjini kuchukua chaki, akanipitia kwenye lango la kiwanda. Alikuwa akicheka mpaka akashika nguzo ya lango.

"Jambo, askari!"

"Umeiona?"

"Shamba zima limeiona. Watoto darasani wanacheza hiyo hiyo tu. Wanapigana nani atakuwa kuku."

"Na nani anataka kuwa mimi?"

"Hakuna. Wanampa yule asiyeweza kukimbia."

Nikacheka. Yeye ndiye akaacha.

"Baba hakucheka. Aliinuka kabla shuka halijakunjwa, akasema, 'Huyo mnyang'anyi ndiye anataka binti yangu?' Tangu hapo hakutaji kwa jina."

"Si ungemwambia ni mchezo!"

"Anajua ni mchezo. Baba si mjinga. Amesema mje vile mlivyopanga, lakini mje na yule mama wa kuku."

"Wa nini?"

"Hakuniambia. Lakini nisikilize. Baba akisema hapana, na mimi ni hapana. Sitatoka nyumbani kwetu na mzee wangu amenipa mgongo. Usije ukasema sikukuonya."

Wiki ile hata kitanda kilinichosha.

Siku ilipofika tulipanda lori la maziwa, mimi, mama yangu, mjomba wangu ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu, na mama wa uji. Huyu alikuwa amejifunga kitambaa chake cha kanisani na kutangulia mbele, ungedhani ni yeye anayeenda kuposa. Tulikaribishwa vizuri. Tukaombewa. Wazee walikaa upande mmoja na sisi upande mwingine, na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kulaza, kikasimamishwa kando bila kufunguliwa. Kibuyu kisipofunguliwa, mgeni huelewa.

Baba wa msichana akanigeukia.

"Kijana, tulikuona."

"Ilikuwa sinema tu, Mzee."

"Sikuuliza ilikuwa nini. Kuku alirudi?"

"Hakuibiwa, Mzee. Tulikuwa tunaigiza."

"Kuku pia alikuwa anaigiza?"

Wazee wakaangalia chini, mabega yakicheza. Mjomba akaona aniokoe.

"Mzee mwenzangu, hebu tuichukue kama zile hadithi za fisi. Anayesimulia fisi si fisi."

"Vizuri sana," baba wa msichana akasema. "Fisi wa hadithi akila mbuzi wa watu, mwisho anafanywa nini?"

"Anapigwa."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Na huyu wenu?"

Mjomba akanigeukia. Mimi nikageukia ukuta.

"Huyu aliondoka na kuku," baba wa msichana akasema. "Tulingoja akamatwe. Tukangoja. Shuka likabaki jeupe, Mhindi akasema asanteni, akazima mashine. Watoto wangu walienda kulala wakijua mtu anaweza kumwangusha mama mzee, aende na mali yake, na iishe hivyo. Sasa mimi nimpe binti mtu ambaye kesi yake haijaisha? Kila akipita hapa, watu wataona kuku."

Nilitaka kueleza habari ya filamu ya kutoka Nairobi. Mjomba akanikanyaga mguu.

"Basi tuimalize," mjomba akasema.

Kumbe ndilo neno lililongojwa. Mama wa uji akaitwa aseme alichopoteza. Akasimama, akatengeneza kitambaa, akaanza. Kuku. Mayai ambayo kuku angetaga. Vifaranga wa mayai hayo. Sufuria ya uji iliyomwagika, na hapo nikashtuka, kwa sababu kwenye sinema sufuria haikuguswa kabisa.

"Mama, sufuria gani?"

"Nyamaza, askari. Mwenye kulia ni nani kati yetu?"

Wazee wakamwachia sufuria. Ikaamuliwa nimwombe msamaha mbele ya watu, kwani nilimkosea mbele ya watu, na nimpelekee kuku mzima. Nikapiga goti. Alinichelewesha pale chini kama mtu anayeonja uji kama umeiva, kisha akanisamehe kwa sauti ya kufika shamba la jirani.

Nikadhani yameisha.

"Bado," baba wa msichana akasema. "Sisi hatukuona akikamatwa."

Tukatoka nje. Watu wa shamba walikuwa wameshajaa kwenye ua wa zizi, watoto wa shule wamepanda juu ya mbao, na mwalimu wao amesimama mlangoni pa jikoni, mkono mdomoni. Nikaambiwa nikimbie. Baba wa msichana mwenyewe, mwenye goti bovu na koti zito la mvua, angenikamata. Mjomba akaninong'oneza, "Usimshinde, tafadhali."

Ushauri mzuri kwa mtu mwingine. Nilikimbia kwa nguvu zangu zote, naapa, na sikufika pembe ya zizi. Nilisikia buti nyuma yangu, kisha mkono ukanishika ukosi wa shati, nikasimama kama ng'ombe aliyefika mwisho wa kamba. Ua mzima ukalipuka kwa vigelegele.

Nilipogeuka, mzee alikuwa anacheka. Meno yake sikuwa nimeyaona hata siku moja.

"Tangu Jumamosi ile mkono huu unaniwasha," akasema, akihema. "Nilikuwa nimekaa pale kwenye nyasi, nimekuona unapita mbele ya macho yangu, na sina la kufanya. Lakini mbio gani hizi, mwanangu? Wajukuu wangu watakuwa watu wa kubebwa?"

"Watakuwa watu wa nyumbani, Mzee."

"Hiyo afadhali."

Mlangoni pa jikoni mwalimu alikuwa ametoa mkono mdomoni. Alimtazama baba yake, si mimi, na uso wake ulikuwa umefunguka.

Mzee akanirudisha ndani, bado amenishika ukosi, na hakuniachia hata tulipokaa. Kibuyu kikafunguliwa, nikanywa hivyo hivyo, shingo imevutwa upande mmoja.

"Haya, mjomba," akamwambia msemaji wetu. "Sasa tuzungumze mambo ya ng'ombe. Huyu tayari tunaye."