Baluku Alivua Kofia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, tulishuka kutoka Kyondo kwenda Bwera kumzika daktari wa huko. Wanawake wengi walilia kimyakimya, wamejifunika leso. Kulia kwa sauti kungekuwa kusema, "Mimi pia alinitibu," na zamani zile shida ya uzazi ilifichwa kuliko wizi.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Niliolewa na Baluku uhuru wa Uganda ukiwa bado mpya, tukakaa miaka bila mtoto. Majirani wakaniita tasa. Wengine walimshauri Baluku aongeze mke, naye alikuwa ameanza kusikiliza. Nikaenda Bwera. Daktari, mtu mpole asiye na haraka, akanipima, akasema, "Mama, wewe iko muzima. Sasa mulete bwana yako."

Ee, Baluku aliwaka! "Mimi mwanaume! Nipimwe nini?"

Mama yake alikuwa akichambua maharagwe. Nilijua atanifukuza tu. Lakini aliweka ungo chini. "Baluku, muke hapati mutoto peke yake. Mficha uchi hazai. Kesho mutaenda pamoja, na kama unaona haya, mimi nitatembea mbele yenu."

Akatembea kweli, mama mkwe wangu, na fimbo yake, mpaka Bwera. Baluku alikutwa na maradhi ya siku nyingi ambayo hakuyajua. Akachomwa sindano, akameza dawa, daktari akituonya tusikate tamaa. Kahawa ikavunwa, ikachanua tena, ndipo akazaliwa Masika, binti yetu wa kwanza. Lakini watu waliendelea kusema mimi ndiye niliyeponywa utasa. Nikanyamaza. Aibu ya mume, nilidhani, ni ya mke kuibeba.

Basi pale kaburini, padri alipomaliza sala, Baluku akavua kofia, akasogea mbele.

"Mimi ndiye nilikuwa mugonjwa," akasema. "Si muke yangu. Huyu daktari alinitibu, na siri yangu hakumwambia mutu. Leo naisema mwenyewe."

Kisha mzee mmoja wa Kinyamaseke akasema, "Na mimi." Hapo kilio kikafunguka. Nami nililia, mwanangu, lakini kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni mlimani. Wakati wa kurudi, Baluku alitembea kando yangu, si mbele kama kawaida yake. "Nimepumua," akaniambia. Nikamjibu, "Hata mimi."

Sikiliza basi. Mtoto akichelewa, nendeni kwa daktari nyote wawili. Msimtwike mmoja lawama. Na aliyekutendea wema mshukuru waziwazi, usiogope midomo ya watu, kwani midomo hiyo haikulei. Mungu akujalie mwenzi atakayesimama nawe mbele za watu, na nyumba yako isikose kicheko, mwanangu, uwe na watoto au uwe bado unawangoja.