Picha ya Wifi Yangu Ng'ambo ya Mto

Mume wangu Wajdi hajui kumnyima mgeni kitu, na hilo ndilo lililotuponza. Mtu akishakula mkate wake, basi, ataomba lolote na atapewa. Duka letu la mikate hapa Dearborn, Marekani, limejaa watu wanaokunywa kahawa ya bure.

Jina la Wajdi lilifanana na la mtu fulani kwenye orodha ya washukiwa wa ugaidi. Kila tulipovuka daraja kwenda Windsor, upande wa Canada, kumwona dada yake, wakati wa kurudi alishushwa kwenye gari, akatiwa pingu, akaulizwa yale yale katika chumba kidogo mpaka watoto wetu wakasinzia kwenye viti. Mwishowe akaacha kwenda. Wifi yangu Nuhad naye alikuwa bado anasubiri karatasi zake za ukimbizi, hawezi kuja kwetu.

Basi wakabuni lao. Kila Jumapili asubuhi Wajdi alisimama ukingo wa huku wa mto, Nuhad ukingo wa kule, simu masikioni. Nuhad alipunga kitambaa chekundu cha meza ili kaka yake amtambue. Waliongea habari za vitunguu, magoti na marehemu mama yao.

"Baba Rabih," nilimtania, "watu wazima mnapungiana kama wachumba."

Lakini nilipapenda pale mtoni. Akirudi kutoka huko alikuwa mtulivu, na alikula vizuri.

Ndipo akaja mwandishi wa gazeti, bwana mmoja mpole aitwaye Garrett. Alikuwa anaandika habari za watu wanaosumbuliwa mpakani kwa sababu ya majina tu. Akala mikate yetu ya mchicha, akasifu, akaongezwa. Kisha akaomba wapigwe picha wakipungiana.

"Muulize kwanza dada yako," nilimwambia Wajdi jikoni.

"Nimuulize nini? Picha tu, tena ya kutusaidia. Mgeni ameshakula kwangu, nimwambie hapana?"

"Hata kwangu amekula, na mimi nasema hapana."

"Wewe ungemnyima hata maji," akasema, akarudi mezani na sinia.

Jumapili ile upepo ulikuwa mkali. Mpiga picha alikuwa amejibanza ng'ambo, na Nuhad hana habari. Mikono yote miwili imeshika kitambaa, ushungi ukamwanguka mabegani. Wakampata hivyo hivyo, mvi nje, kinywa wazi, analia. Picha ikawekwa ukurasa wa kwanza. Televisheni zikairudia jioni nzima, na watu tusiowajua wakatuletea maua dukani. Mwanamke ambaye tangu usichana wake hakuna mwanamume wa kando aliyeona nywele zake! Niliona uchungu mpaka nikashindwa kukanda unga.

Nuhad alimpigia Wajdi simu mara moja tu. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Kaka, mimi na wewe tulibakiwa na ile Jumapili peke yake. Nayo umemgawia mgeni pamoja na mikate."

Baada ya hapo hakupokea simu tena, wala mtoni hakuonekana.

Kelele za gazeti zilifanya kazi, siwezi kukana. Wakubwa walilisafisha jina la Wajdi. Siku aliyopata habari alioka sinia zima la mikate, akavaa suti ya Idi, nikavaa na mimi, tukavuka daraja.

Mlango wa Nuhad ulifunguliwa na mumewe.

"Shemeji, nisameheni," alisema, macho chini. "Yumo ndani. Anawasalimu."

Pazia la dirishani lilitikisika. Wajdi alisimama kwenye ngazi na sinia lake mikononi.

"Mwambie leo nimevuka daraja," akasema.

Tulingoja kidogo, kisha tukarudi garini.

Upande wetu wa mpaka, ofisa alikuwa na adabu. Akauliza tulikwenda kumwona nani. Swali hilo Wajdi alikuwa amelijibu miaka yote bila kufikiri. Safari hii aligeuka kulitazama daraja nyuma yetu.

"Bwana, nimekuuliza, umemwona nani huko?"

"Hakuna," Wajdi akasema.

Ofisa akatazama sinia lililojaa, akatazama nguo zetu za Idi, akatuonyesha pa kuegesha gari. Wakatupeleka kwenye kile kile chumba kidogo.

"Si ungesema dada yako tu, twende zetu nyumbani?" nilimnong'oneza.

"Ameniuliza nimemwona nani," akasema. "Sikumwona."