Siku Aliyonilipia Seremala

Katika daftari langu la mwaka ule tulipokuwa tukifunzwa mgambo, nimeandika hivi: "Leo baada ya mbio nilipata kizunguzungu, nikapewa maji." Kila neno hapo ni kweli. Lakini kuna jambo nililolinyamazia, na mimi niliyeishia darasa la nne sijui kama kunyamaza nako ni kusema uongo. Afadhali nilimalize sasa.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa fundi cherehani pale Mtendeni, na jirani yangu wa barazani alikuwa seremala, Mkristo aliyetokea upande wa Kipalapala. Kila alasiri tuliacha kazi tukaenda uwanjani pamoja. Mkufunzi wetu alikuwa mkali lakini si mwonevu. Siku hiyo alisema, "Waliofunga watembee tu. Wengine, mchakamchaka!" Katika sisi Waislamu wa mjini hakuna aliyetoka mstarini. Nani akubali kuchekwa? Nami nikabaki kimya katikati yao, kila mtu akidhani nimefunga.

Kumbe sikufunga. Nilikuwa nameza vidonge vya malaria, na mganga wa zahanati alinikataza kufunga mpaka vimalizike. Dini inaruhusu hilo, sikuwa na la kuficha. Ila niliona haya, basi. Mchana nilikunywa uji wangu nyuma ya pazia.

Tukakimbia mpaka kwenye njia ya reli na kurudi, tukiimba. Wakati wa kukimbia sikuona taabu. Taabu ilikuja tuliposimamishwa: miguu yangu ilisimama, ardhi ikaendelea na mbio. Ile miembe ya kando ya barabara, ya tangu zamani za misafara, ikapita mbele yangu mmoja mmoja kama nayo inakwenda Ujiji. Nikapiga magoti. Seremala akanijia na chupa yake, akanimwagia maji kichwani. Yakateremka usoni, nikameza. Niseme haki yake: hakunilazimisha. Mdomo niliufungua mwenyewe.

"Ala! Umemfungulisha mwenzio!" mmoja akapiga kelele.

"Siku yake hiyo utailipa wewe, seremala!" akadakia mwingine, na mstari mzima ukacheka.

Alicheka nao. Lakini njiani aliniomba msamaha mara tatu. "Si kitu," nikamjibu, nikajiona mwema.

Kesho yake mke wangu alirudi kutoka bombani akaniuliza, "Rafiki yako anaumwa? Mkewe anasema hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri, hata maji." Nikamwangalia seremala pale barazani. Alikuwa anapiga randa taratibu, midomo imemkauka. Hapo nikaelewa. Nikaogopa kumwita. Nikashona mshono ule ule wa suruali mara mbili.

Ilipoadhiniwa magharibi, akabisha hodi.

"Shemeji, nimekuja kufuturu kwenu," akamwambia mke wangu. Kisha akanigeukia. "Fundi, siku yako nimeilipa. Sasa moyo wangu umetulia."

Ningeweza kumwacha na utulivu wake. Hata leo sina hakika kama nilisema kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Lakini tumbo lake lilikuwa tupu kwa sababu yangu.

"Jana sikuwa nimefunga," nikasema. "Na leo pia. Nameza vidonge."

"Hukufunga?"

"Mchana nilikunywa uji."

"Wa sukari?"

"Wa sukari."

Sukari siku hizo ilikuwa ya kupangia foleni. Nikajua nimempoteza. Mke wangu akainamia bakuli lake kama anatafuta kitu. Halafu mabega ya seremala yakaanza kucheza, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Simama vizuri," nikamwambia, "utapata kizunguzungu."

"Nyamaza wewe! Shemeji, humu ndani tuliofunga ni mimi na wewe. Tuanze. Huyu mla mchana akae pembeni asubiri."

Nikasubiri. Alikula tende, akanywa mabakuli mawili ya uji, akamaliza na michembe yote ya viazi vikavu iliyopikwa na karanga. Mimi nikaachiwa ukoko wa sufuria. Ulikuwa mtamu.