Siku Gari la Baba Lilipowaka

Mwezi uliopita, rafiki yangu, nilipita mtaa wa Nsambya nikitafuta nyumba za polisi nilikokulia. Nilikuta uzio wa mabati na nyasi zilizonifika kiunoni. Nikasimama pale mpaka mlinzi akaniuliza nimepotelewa na nini.

Zamani asubuhi zetu zilianza na tarumbeta, kisha harufu ya simsim, yaani ufuta, ikikaangwa kwenye sigiri ya mkaa. Baba alikuwa askari kutoka kaskazini, na mlangoni petu kulikuwa na gari lake kuukuu la rangi ya maziwa, ambalo alilipenda kuliko alivyoweza kulitunza. Mwaka huo bibi, mama yake baba, alitoka hospitali hana dawa iliyobaki ya kujaribu. Akaomba jambo moja tu: akafie kwake Gulu, huko kaskazini. Kwa basi asingeweza kusafiri, maana hakuweza tena kukaa, ilibidi alale. Kiti cha nyuma cha gari la baba kilimtosha.

Gari likagoma. Stata ilizunguka vizuri, lakini plagi hazikutoa cheche. Baba akamwita jirani, Mkongo aliyetengeneza redio, naye akaja na balbu ndogo ya kupimia. Wakafuata nyaya moja moja, kutoka betri hadi swichi ya ufunguo, kutoka swichi hadi koili, kikopo chenye mafuta kinachozipa plagi moto wa umeme. Nyingine zilikuwa zimeliwa na panya, wakaziunga upya. Mimi nilikuwa nikimnywesha bibi uji wa unga wa wimbi pale pale kiti cha nyuma alipokwisha kulazwa, maana alikataa kuteremka. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

Mchana jirani alisimama, akafuta mikono.

"Afande, moto inafika kwa koili. Lakini ukipiga stata, inapotea. Swichi imekufa."

Swichi ya gari lile haikupatikana hata Katwe kwenye maduka ya vipuri. Wakaiacha, wakavuta waya mpya kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye koili. Jirani alionya kwamba koili ile haikutengenezwa kubeba moto wote huo. Baba akasema hatuna njia nyingine.

Gari likawaka. Watu walitoka milangoni, mama akalia, na bibi akaanza kuimba Kiacholi kwa sauti ndogo, akitaja mito tutakayovuka. Nami nikaamini.

Tulifika Bwaise tu, hata mji hatujautoka. Injini ikakohoa, ikazimika katikati ya foleni. Koili ilikuwa imechemka hadi ikapasuka, mafuta yake yakichuruzika. Baba alibaki ameushika usukani. Bibi ndiye aliyesema.

"Nirudishe, mwanangu. Umejaribu."

Tukavutwa kwa kamba hadi Nsambya. Bibi alifia chumbani kwetu wiki hiyo hiyo, akaenda kaskazini ndani ya sanduku, juu ya lori la mizigo. Baba aliliuza gari kwa watu wa vyuma chakavu, na hadi anakufa hakununua jingine. Jirani alihama, hatukujua wapi. Na Kiswahili kile cha nyumba za polisi, kilichochanganya Waacholi, Wakongo na Waganda, siku hizi sina wa kuongea naye.

Nina gari sasa. Linawaka kila asubuhi, na barabara ya Gulu ni lami tupu. Nikitoka alfajiri nafika kabla ya chakula cha mchana. Sina wa kumpeleka.