Yona hakuachia kamba

Jamani, leo nimemtukana mtu wakati ananiokoa.

Kazi yangu ni kupogoa na kuangusha miti. Nikipanda, nafungwa kamba kiunoni, inapitishwa kwenye tawi la juu, halafu mwisho wake anaushika Yona akiwa chini. Yeye ndiye ananishusha.

Leo tulikuwa Makutupora. Mgunga mkubwa, umeinamia nyumba ya watu.

Kabla ya kupanda niligonga shina nikasikiliza, maana miti yenye uwazi ndani hukaliwa na nyuki.

Kimya.

Nikasahau baridi ya asubuhi. Kwa baridi hii ya Dodoma, hata ugonge na nyundo, nyuki hawatoi sauti.

Nikawasha msumeno.

Wakatoka wote.

Nikapiga kelele, "Yona, nishushe!" Akawa ananishusha taratibu mno. Nikamwita mpumbavu. Nikamwambia kama kazi imemshinda arudi kwao akalale. (Na mimi huko juu nilikuwa nimeumwa mara mbili tatu tu.)

Nilipogusa ardhi ndipo nikamwona.

Nyuki walikuwa wamemjaa yeye. Uso wote. Macho yameshafumba. Alikuwa ananishusha kwa kupapasa, kidogo kidogo, ili nisidondoke.

Akaniuliza, "Kaka, umefika chini?"

Nikamwambia nimefika.

Ndipo akaachia kamba, akaanguka.

Niko hospitali. Nesi ametoka sasa hivi, kasema niwaite ndugu zake.

Na simu inaita hapa mkononi. Ni mke wake.

Niambieni, naanzaje?